Barua yako ya fildi ndiyo inayokuponza!

NAOMBA nianze kwa kuungama. Mimi ni mmoja wa wale watu mnaowalaani mkiwa ndani ya daladala mnatoka Posta na bahasha ya kaki mkononi. Yaani yule anayepokea barua yako ya kuomba fildi kwenye ofisi ya mawakili, akaisoma mistari miwili, akaiweka upande wa kushoto wa meza, halafu wewe unaanza kupigwa kalenda: "Njoo wiki ijayo, bosi kasafiri." Bosi hajasafiri kokote, mpenzi msomaji. Yupo chumba cha pili anakunywa chai.

Ofisi yetu si kubwa. Tuko mawakili wanne, karani mmoja, sekretari mmoja na lifti ambayo ikiamua kununa tunapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Kila mwaka kuanzia Machi barua zinaanza kuingia moja moja, ikifika Mei zinaingia kwa rundo, na nafasi tunazotoa ni tatu tu. Kazi ya kuzichambua nimeachiwa mimi kwa sababu ndiye mdogo kuliko wote pale ofisini, na ukiwa mdogo ofisini unapewa kila kitu ambacho wakubwa hawakitaki.

Sasa nikueleze ninachokutana nacho. Nafungua bahasha ya kwanza: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nafungua ya pili: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Ya tatu ni ya Kiingereza, lakini ukiichunguza ni hiyo hiyo, imevalishwa tai tu. Halafu inaendelea hivi, nadhani hata wewe unaijua kwa moyo:

"Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 23, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya sheria. Ninaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako. Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na ninayeweza kufanya kazi na watu wa aina zote. Ni matumaini yangu kwamba ombi langu litapokelewa."

Barua hii haina kosa. Ina adabu zake, ina tarehe, ina sahihi. Tatizo ni kwamba ukifuta neno "sheria" ukaandika "ufugaji wa kuku", inasimama vile vile na unaweza kuipeleka Kibaha kesho asubuhi. Kila mtu ni mchapakazi kwenye barua. Sijawahi kupokea barua ya mtu anayejitambulisha kuwa ni mvivu na muongo.

Msinielewe vibaya, siwacheki. Nawajua ninyi kwa sababu nilikuwa ninyi.

Mwaka 2009 nilikuwa mwaka wa pili chuoni na nilitakiwa nipate ofisi ya kufanyia fildi kabla ya likizo ndefu. Nilichapa barua moja, nikaacha nafasi pale juu penye jina, nikaitoa kopi 17 pale karibu na chuo, halafu nikawa najaza majina ya ofisi kwa kalamu ya wino wa buluu. Niliona nimecheza dili la nguvu. Mchana mmoja nilizunguka mjini kuanzia Samora mpaka Upanga, nikazigawa zote, nikarudi bwenini nikapiga pasi ndefu maana nauli ilikuwa imekula hela ya chakula, nikasubiri.

Wiki tatu baadaye nikarudi kwenye mojawapo ya ofisi zile kuulizia. Dada wa mapokezi alikuwa anaongea na simu. Nikasimama pale mbele yake, macho yakaangukia karatasi aliyokuwa anaandikia. Kumbe ni barua yangu, imegeuzwa nyuma! Upande wa pili kulikuwa na namba ya simu ya mtu na oda ya vitafunwa: chai 3, chapati 2, sambusa 4. Nilisoma ile oda mara mbili. Sikuulizia tena barua, nikaaga, nikashuka.

Nilikasirika, tena sana, na nilimlaumu yule dada kwa muda mrefu. Ilinichukua miaka kukubali kwamba barua niliyoitoa kopi 17 haikuwa na thamani kubwa kuliko ile oda. Ile oda angalau ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya watu maalumu.

Kilichoniokoa hakikuwa akili, kilikuwa ni kukosa pa kwenda. Asubuhi nilikuwa naondoka bwenini ili wenzangu wenye ofisi wasinione nimelala, nakwenda kukaa mahakamani. Labda hulijui hili, lakini mashauri mengi yanasikilizwa hadharani. Hulipi kiingilio, hujazi fomu. Unavaa vizuri, unazima simu, unakaa benchi la nyuma na kufunga mdomo. Nikaanza kufuatilia kesi moja ya kiwanja. Upande mmoja alikuwepo wakili mmoja mtu mzima, mpole, miwani imeshuka puani, na nilimwona mara tatu. Siku ya tatu ombi la upande wa pili lilitupwa nje kwa sababu ya hati ya kiapo. Ile sehemu ya mwisho, ambapo mwapaji anatakiwa aseme yapi anayajua mwenyewe na yapi kaambiwa na nani, ilikuwa imekosewa. Basi, kesi ya watu, nyumba ya watu, imeanguka kwa aya moja.

Usiku ule sikulala. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa mkono. Sikusema mimi ni mchapakazi. Nilisema nimekaa benchi la nyuma siku tatu kwenye shauri lake, nimeona lilivyoishia, nimekwenda maktaba kusoma kanuni ya hati za kiapo na kuna kitu kimoja sijakielewa: kwa nini mahakama haikumruhusu yule mwenzake arekebishe ile aya badala ya kuanza upya? Nikamalizia kwamba naomba wiki nane za kubeba mafaili yake ili nijifunze kuandika hati ambazo hazianguki. Hiyo tu, ukurasa haukujaa.

Siku ya pili nikapigiwa simu. Sauti ikasema: "Njoo Jumatatu saa mbili. Uje na viatu vya kutembea." Nikaenda. Ndiyo maana leo mimi ni wakili na si kitu kingine.

Nimesimulia yote haya kwa sababu siri yenyewe imo humo ndani. Barua ya fildi hujibu swali moja tu, nalo ni hili: kwa nini ofisi hii, na kwa nini wewe? Wengi mnajibu swali ambalo hamkuulizwa, yaani kwa nini mnahitaji fildi. Hilo tunalijua. Chuo kimesema lazima, kuna logibuku ya kujaza, kuna msimamizi atakuja kukagua, na wale wenye mkopo wa Bodi wanasubiri fedha ya mafunzo kwa vitendo. Shida zako ni za kweli lakini haziniambii kama ukipewa faili utalirudisha.

Jiweke kwenye kiti chetu kidogo. Mtu wa fildi anachukua kiti na meza, anachukua muda wa wakili ambaye anatakiwa awe mahakamani, na mbaya zaidi anaona mafaili. Atamwona mfanyabiashara anayedaiwa, atamwona mama anayetaka talaka ambaye mumewe hajui bado. Kwa hiyo nikisoma barua yako natafuta vitu vichache tu. Je, huyu anajua sisi tunafanya kazi gani? Je, anaweza kuandika sentensi ikaeleweka? Je, anajua kutunza siri? Mambo ya GPA nayaangalia, sikatai, lakini nayaangalia mwisho.

Hilo la kujua ofisi inafanya nini ndilo linalowachemsha wengi. Mtu anaandika kwamba ana hamu kubwa ya kujifunza kesi za jinai, na sisi hapa hatujawahi kugusa jinai. Sisi ni mikataba, ardhi, mirathi na migogoro ya kazi. Kuna mawakili wanaoshinda BRELA na TRA kushughulikia makampuni na hawaonekani mahakamani mwaka mzima, na kuna wengine wanaishi Kisutu. Utajuaje? Zamani kidogo ilikuwa kazi. Siku hizi Mahakama ina tovuti inaitwa TanzLII, ni bure, imejaa hukumu. Fungua hukumu yoyote, utakuta imetajwa nani alimwakilisha nani. Tafuta jina la wakili unayetaka kumwandikia, soma kesi zake mbili tatu za karibuni. Saa mbili za bando zinakutosha kujua kuliko wenzako wote wanaoleta bahasha siku hiyo.

Ukishasoma usijifanye profesa lakini! Kuna kijana alituandikia kurasa tatu akikosoa hukumu ambayo sisi tulishinda, akaeleza tulivyokuwa tumekosea. Inawezekana alikuwa sahihi, lakini hakupata nafasi. Swali moja la uaminifu, lililotoka kwenye kusoma kweli, linatosha.

Mwingine, na huyu namkumbuka kwa wema, aliandika mistari michache tu kuhusu mjomba wake. Mjomba alifukuzwa kazi kiwandani, akakaa nyumbani miezi miwili akiamini bosi atalainika. Alipokwenda CMA kule kwenye usuluhishi akaambiwa malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30, ikabidi aanze kwanza kuomba kuongezewa muda. Kijana akasema: "Nilikuwa mwaka wa kwanza, sikuijua siku 30. Nataka nifanye kazi mahali ambapo watu wanaijua." Bosi wetu, ambaye hasomi barua za fildi hata kwa bakora, hiyo aliisoma mara mbili. Jina halikutajwa, kiwanda hakikutajwa, lakini tulimwelewa mtu mzima.

Nimegusa kutotaja majina kwa makusudi. Mwaka juzi nilipata barua nzuri sana ya binti mmoja aliyewahi kufanya fildi kwingine. Lugha safi, mpangilio safi. Nimeshaiweka upande wa kulia, nimefika aya ya tatu, nakuta anaelezea uzoefu wake: alisaidia kuandaa talaka ya mheshimiwa fulani, jina limeandikwa, na mali walizokuwa wanagombea zimetajwa mpaka gari. Nilihisi joto masikioni. Sheria ya Ushahidi inalinda mazungumzo ya mteja na wakili wake, na ulinzi huo unamfikia hata karani wa wakili. Mtu wa fildi naye asijidanganye kwamba yeye ni mgeni tu. Huyu binti alikuwa anajisifu, lakini nilichosikia mimi ni kwamba mwakani ataandika barua nyingine kwingine na humo ndani watakuwemo wateja wetu. Nikaihamishia kushoto. Ungesema "nilisaidia kuandaa nyaraka za shauri moja la ndoa na mgawanyo wa mali" ungekuwa umesema yote.

Turudi sasa kwa mtu aliyenifanya niandike makala haya.

Mwaka jana, mwezi Juni, nimetoka mahakamani nimechoka, dada wa mapokezi ananiambia kuna binti ananisubiri tangu asubuhi. Nikamkuta amekaa wima, mkoba mapajani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nikusaidie nini?"

"Nilileta barua ya fildi mwezi uliopita. Nimekuja kuuliza, samahani lakini, ilikuwa na kosa gani?"

Jamani, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wanaulizaga "bosi yupo?" au "barua yangu imefikia wapi?" Huyu anauliza kosa. Nikamwambia asubiri, nikaenda kuchimbua kwenye rundo la kushoto. Naam, ipo: husika na kichwa cha habari, kijana wa Kitanzania, mchapakazi. Nikamwambia ukweli kwamba haina kosa ila haina mtu ndani yake. Akaniangalia kama nimemtukana.

Alikuwa ameshakwenda ofisi 11. Wiki mbili zilikuwa zimebaki chuo kifunge kupokea majina ya walipopangiwa. Akikosa, somo linabaki, anahitimu nyuma ya wenzake, na mkopo hauna habari na mambo hayo. Mama yake ana genge Mbagala. Aliyasema haya bila kulia, na mimi napata shida zaidi na watu wasiolia.

Nikamuuliza, ukitoka chuo unafanya nini?

"Sifanyi chochote kaka, namsaidia mama gengeni tu."

"Na nini kingine?"

"Hakuna. Labda lile daftari la kikoba."

Daftari gani? Kumbe mama yake na wanawake wenzake wana kikoba, na kwa kuwa yeye ndiye msomi wa nyumba wamemfanya katibu tangu akiwa kidato cha sita. Anaandika nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa, nani amechelewesha. Katiba ya kikoba aliiandika yeye, kwa Kiswahili, na alipoisoma mbele yao wakamwambia airudie kwa sababu kifungu cha faini hakieleweki, akairudia mara tatu. Kuna mwanachama alikopa akaingia mitini. Badala ya kwenda kumtolea vyombo nje kama wengine walivyotaka, huyu binti akaandika makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, wakayasaini kwa mtendaji wa mtaa, deni likaisha.

Nilimuuliza kwa nini hayo hayamo kwenye barua. Akacheka kidogo. "Hayo si mambo ya ofisini, kaka."

Si mambo ya ofisini! Msomaji, mtu huyu ametunza hesabu za fedha za watu, ameandika waraka wa kisheria ukakosolewa na wateja mpaka ukaeleweka, amesuluhisha mgogoro na kuandaa makubaliano. Nina wenzangu wenye suti ambao hawajafanya hata moja katika hayo kwa ukamilifu huo. Lakini yeye aliamini barua ya ofisini inatakiwa iwe na maneno ya ofisini, hivyo akaacha maisha yake Mbagala na kuleta mjini karatasi tupu.

Nikampa kazi: nenda nyumbani, andika upya, ukurasa mmoja, usitumie neno mchapakazi. Kesho yake saa tatu alikuwa pale. Nimeomba ruhusa yake kuweka hapa sehemu ya alichoandika:

"Kwa miaka minne nimekuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wanawake 25. Katiba yetu niliiandika mimi. Wanachama waliikataa mara mbili kwa sababu hawakuielewa, na ndipo nilipojifunza kwamba kifungu ambacho msomaji hakielewi hakimlindi mtu. Mwanachama mmoja aliposhindwa kulipa, niliandaa makubaliano ya malipo ya miezi mitano na yakatekelezwa. Sijui bado kama yale makubaliano yangesimama mahakamani. Nimesoma kwamba ofisi yenu inashughulikia mikataba na mirathi, na ningependa kujua."

Pale kwenye "mwanachama mmoja" rasimu ya kwanza ilikuwa na jina kamili na mtaa anaokaa. Nikalifuta kwa kalamu, nikamsimulia habari ya yule wa talaka. Alielewa haraka, akaona na haya kidogo.

Sasa ningependa kukuambia kwamba bosi aliisoma akapiga meza akasema huyu huyu! Haikuwa hivyo. Nafasi mbili zilikuwa zimeshatoka, na ya tatu ilikuja na kimemo. Mnavijua vimemo? Karatasi ndogo, mistari miwili, "huyu ni kijana wangu, naomba umsaidie". Kimemo kilitoka kwa mteja mkubwa, bosi akaangalia kile kimemo, akaangalia barua ya binti, akaniangalia mimi, akasema: "Wakili, unajua mwenyewe." Nilijua. Nilinyamaza. Sijivunii hilo, na kama kuna kijana anasoma hapa akidhani barua nzuri inashinda kimemo kila siku, nisimdanganye.

Nilipomweleza, binti hakukasirika. Aliuliza tu kama naweza kumwambia ofisi nyingine za mirathi. Nikamtajia tatu, nikamkanya asitoe kopi. Aya ya kikoba ibaki, lakini ile ya mwisho iandikwe upya kwa kila ofisi, baada ya kuwasoma. Akasema sawa. Wiki iliyofuata akapata nafasi kwa wakili mmoja wa Temeke, mama mtu mzima anayefanya kazi pale pale jirani na kile Kituo Jumuishi cha Mahakama cha masuala ya familia, ambako kunasikilizwa mirathi, talaka na matunzo ya watoto. Ukifikiria vizuri ni mahali pake kuliko kwetu.

Kuna wanaosema fildi ni kupoteza muda, unafanywa tarishi, unatumwa vocha. Kutumwa kupo. Lakini kumbukeni yaliyotokea mwaka 2022 pale Shule ya Sheria, ambako ni lazima upite kabla ya kuapishwa kuwa wakili wa Tanzania Bara. Matokeo yalipotoka, kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Nchi nzima ilipiga kelele na waziri akaunda kamati iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe. Kila mtu alikuwa na lake la kusema, vyuo, shule yenyewe, wanafunzi. Langu mimi ni dogo. Pale unapimwa kama unaweza kazi, si kama unakumbuka mhadhara, na mtu aliyewahi kuandika hati ya madai ikarudishwa na wino mwekundu mara nne anaingia akiwa mbele ya aliyeshinda fildi akichezea simu.

Halafu lugha. Tangu mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, ingawa Kiingereza kinaruhusiwa pale haki inapokihitaji. Bado naletewa barua za Kiingereza cha kuazima kutoka kwa vijana ambao Kiswahili chao kingenifurahisha. Kama ofisi ni ya mikataba ya wageni, andika Kiingereza chako, kiwe kifupi. Kama ofisi inaishi mahakama za mwanzo na za wilaya, Kiswahili kizuri ni mtaji. Usichanganye zote mbili ndani ya sentensi moja kama tunavyoongea kijiweni.

Na hii akili mnemba nayo! Tangu ije, barua zimekuwa ndefu, tamu, na zote zimeandikwa na mtu mmoja. Nilipata tano kwa siku moja zikisema wameguswa na "dhamira yetu isiyoyumba katika ubora". Sisi? Na lifti ile? Itumie kukagua herufi zako ukipenda, lakini usiipe kazi ya kukuwakilisha, na kamwe usitaje kesi iliyokutajia bila kuifungua na kuisoma. Kule New York mwaka 2023 mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na mashine. Ikiwa wao walichemsha, wewe wa mwaka wa pili utapona?

Dada zangu, nanyi niwaambie moja bila kuzunguka. Usaili wa fildi unafanyika ofisini, mchana, watu wakiwepo. Akikwambia mkutane hotelini jioni "tuongelee nafasi yako", hiyo si nafasi. Kudai ngono ili umpe mtu kazi au mafunzo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapigiwa bure namba 113. Tunza ule ujumbe wa simu, usiufute kwa hasira. Na nyote, wa kike kwa wa kiume, kabla hujashukuru hakikisha anayekupokea ni wakili kweli. Mjini kuna vishoka wana mihuri, wana suti, wana hata vibao mlangoni. Mfumo wa eWakili wa Mahakama unakuonyesha kama mtu yumo kwenye orodha na kama ana ruhusa ya kufanya kazi. Logibuku iliyosainiwa na kishoka utaipeleka wapi?

Mengine ni madogo, nayapitia haraka. Barua iende mapema, Machi au Aprili, si wiki moja kabla ya likizo. Ukurasa mmoja unatosha. Wasifu wako nao ukurasa mmoja, na ile sehemu ya kusema unapenda kuangalia mpira na kusikiliza muziki iache. Ambatanisha barua ya utambulisho ya chuo. Mwandikie mtu kwa jina lake, na jina liandikwe sawasawa, maana mawakili wanaumwa na majina yao kuliko wasanii. Baada ya wiki mbili ulizia mara moja kwa adabu, na msalimie dada wa mapokezi kama binadamu, kwa sababu yeye ndiye anayeamua barua yako inakuwa karatasi ya oda ya chai au haiwi.

Yule binti wa Mbagala bado tunawasiliana. Alimaliza fildi yake, lakini Jumamosi anakwenda Temeke kusaidia, na yule mama wakili humpa nauli na chakula cha mchana. Juzi kanipigia simu kuniambia alimwonyesha bosi wake yale makubaliano ya kikoba. Alisoma kimya, akamwambia yana upungufu mmoja mkubwa, na hakumwambia ni upi. Amempa mpaka Jumamosi autafute mwenyewe. Aliniomba nimdokeze. Nikakataa.

Barua za mwaka huu nazo zimeshaanza kuingia. Mpaka jana jioni mezani zilikuwa tisa. Mbili zimeandikwa jina la ofisi ya ghorofa ya chini.